Kilichofumuliwa Gizani

Mwezi wa Oktoba mwaka wa 2022, vichaka vya Marungu vilikuwa vimebaki mifupa mitupu. Anayeiacha barabara kuu ya Mombasa pale Maungu, mji mdogo ulio upande wa pwani ukitoka Voi, na kuelekea kusini kwenye mlima Kasigau, hupita katikati ya migunga na miti ya jamii ya manemane ambayo wakati wa kiangazi hufanana na kuni zilizosimikwa ardhini. Misimu minne ya mvua ilikuwa imepita tangu mwisho wa mwaka wa 2020 bila kuleta cha kutajika. Mbuzi walikuwa wamepungua mazizini, na tembo wa Tsavo walikuwa wameacha hata ile haya kidogo waliyokuwa nayo, wakija hadi kwenye matangi ya maji uani mwa watu. Lililobaki lilikuwa ni kuingojea vuli, kwani nyanda hizo kavu huitegemea vuli kuliko masika.

Katika mojawapo ya nyumba za huko alikuwamo mwanafunzi wa ualimu aliyekuwa amerudi kwa nyanya yake kwa likizo ndefu. Masomo yake yalikuwa Kiswahili na Biolojia, mseto ambao wenzake waliuona kama kumfunga ng'ombe na ngamia kwenye jembe moja. Mhadhiri wake wa Kiswahili alikuwa amewapa kazi: kila mmoja achague mchakato mmoja wa kisayansi, aueleze kwa kurasa sita, na kabla ya kuandika auelezee mtu asiyesomea sayansi. Sharti hilo la mwisho ndilo lililowaumiza wengi. Yeye alichagua namna seli za mimea zinavyotumia upya protini zake na zinavyohisi mwanga. Alichagua hivyo kwa sababu daftari lake lilikuwa na maelezo mengi juu ya jambo hilo, si kwa sababu alikuwa amelielewa.

Kwa nyanya kulikuwa na jambo kubwa kuliko kurasa sita. Kwenye kibuyu kilichotundikwa juu ya meko zilikuwamo mbegu za kunde zilizohifadhiwa kwa majivu, viganja sita kwa hesabu yake mwenyewe. Hizo ndizo zilizokuwa zimesalia. Mbegu za msimu wa masika zilikuwa zimeota kwa manyunyu ya siku mbili, kisha jua likazichoma zote. Ikiwa hizi nazo zingepotea, mbegu ya ukoo huo, ambayo yeye alipewa na mama mkwe wake, ingekuwa imekwisha, na baada ya hapo ingekuwa ni kununua za dukani mjini Voi.

Siku moja walipoliondoa sanduku la nguo ukutani, walikuta punje chache zilizokuwa zimeanguka nyuma yake, mahali ambapo mtungi ulikuwa ukivuja. Zilikuwa zimeota gizani. Vishina vyake vilikuwa virefu kupita kiasi, vyeupe kama uzi wa mkonge uliooshwa, na kila kimoja kilikuwa kimekunja kichwa kama ndoana. Nyanya alikitoa kimoja, akakiweka kiganjani.

"Mjukuu wangu, wewe ndiye unayesoma mimea. Hiki kilikuwa kinatafuta nini mpaka kikajimaliza hivi?"

Swali hilo lilikuwa ndilo lenyewe lililokuwa daftarini, isipokuwa halikuwa limeulizwa kwa namna hiyo. Mwanafunzi alijibu kwamba kilikuwa kinatafuta mwanga. Jibu hilo lilikuwa la kweli, lakini halikutosha. Nyanya alitaka kujua jinsi kitu kisicho na jicho kinavyojua kwamba bado hakijafika.

Hapa yafaa kusemwa kwamba swali la nyanya ni la zamani hata kwa wataalamu. Mwaka wa 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walichapisha kitabu kuhusu miondoko ya mimea, wakaonyesha kwamba chipukizi la nyasi hupinda kuelekea kwenye mwanga, lakini ukilivika kofia ndogo nchani halipindi tena. Kumbe kinachohisi ni ncha, na kinachopinda ni sehemu iliyo chini yake. Mwaka wa 1952, huko Beltsville nchini Marekani, Harry Borthwick, Sterling Hendricks na wenzao walimulika mbegu za saladi kwa mwanga mwekundu, zikaota; walipozimulika kwa wekundu wa mbali, ule ulio ukingoni mwa uwezo wa jicho la binadamu, hazikuota. Walizimulika kwa zamu, mwekundu kisha wa mbali, mara nyingi, na mbegu zilitii mwanga wa mwisho tu. Kitu kinachotenda kazi hiyo kiligunduliwa baadaye kuwa ni protini yenye rangi, nayo ikaitwa fitokromu. Ina maumbo mawili, nayo hugeuka kutoka moja hadi jingine kama swichi ya taa.

Nyanya hakuvutiwa na saladi. Alichokubali mara moja ni kwamba mbegu nyingine huota zikionjeshwa mwanga, kwa kuwa kila mkulima ameona jinsi magugu yanavyofumka siku chache baada ya udongo kupinduliwa kwa jembe. Mbegu ndogo za magugu zilizolala miaka chini ya ardhi hupata mmuliko mmoja tu jembe linapopita, na huo huzitosha. "Kwa hiyo tunapolima tunayaamsha wenyewe," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekuwa amelishuku jambo hilo siku nyingi.

Ugumu ulianza kwenye protini. Mwanafunzi alieleza kwamba ndani ya kila seli mna protini za maelfu ya aina, na kila protini ni uzi mrefu uliotungwa kwa asidi amino, ambazo kwa kawaida ni za aina 20, kisha uzi huo ukakunjwa ukapata umbo. Akaendelea kusema kwamba seli hazitengenezi protini tu, bali pia huziharibu kila mara, hata zile nzima.

"Kuharibu ni kazi ya tembo," nyanya alimkatiza.

Wakati huo alikuwa amekaa kwenye kigoda akishughulikia kikapu cha mkonge, ufundi ambao wanawake wa Kasigau na vijiji vyake wanajulikana kwao hata nje ya nchi. Kikapu alichokuwa nacho kilikuwa kizee, kitako chake kimetoboka. Hakuwa anakirekebisha. Alikuwa akikifumua, uzi baada ya uzi, akizipanga nyuzi zilizo nzima kwa rangi zake, kwa vile katika mwaka wa kiangazi mkonge nao ulikuwa haba. Mwanafunzi alizitazama zile nyuzi, akakumbuka orodha ya maneno aliyokuwa ameyaandika pembeni mwa daftari: kuharibu, kuvunja, kumeng'enya, kuchakata, kurejeleza. Kila moja lilikuwa na kasoro yake. Kuchakata kulimtia mtu fikira za kiwanda cha plastiki. Kurejeleza, ambalo limeenea zaidi upande wa Tanzania, lilisema kitu kilirudi matumizini lakini halikusema kilirudije. Akaandika chini ya yote: kufumua.

Kwa neno hilo maelezo yalianza kwenda. Seli haifumui ovyo ovyo. Protini inayotakiwa kufumuliwa kwanza hutiwa chapa. Chapa hiyo ni protini nyingine ndogo, yenye asidi amino 76 tu, iitwayo ubikwitini, jina lililotokana na Kilatini kwa maana ya kila mahali, kwa kuwa inapatikana kwenye hamira, kwenye mimea na kwenye mwili wa binadamu ikiwa karibu vile vile. Chapa huwekwa moja juu ya nyingine mpaka ziwe mnyororo mfupi. Protini iliyokwisha kupata mnyororo huo hupelekwa kwenye proteasomu, chombo chenye umbo la pipa ambalo meno yake yamo ndani, ili lisije likatafuna kisichohusika. Huko hukunjuliwa, ikaingizwa na kukatwa vipande vifupi, na hatimaye asidi amino zake hutumika kutungia protini nyingine. Waliofichua utaratibu wa chapa hizo, Aaron Ciechanover na Avram Hershko wa Israeli pamoja na Irwin Rose wa Marekani, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka wa 2004.

"Na ile chapa nayo inakatwa?"

"Hapana, Nyanya. Inabanduliwa mlangoni, ikatumika tena."

Hili lilimpendeza kuliko yote yaliyotangulia.

Sasa ikawezekana kurudi kwenye kile chipukizi cheupe. Kinachostaajabisha, nacho ndicho kilichokuwa kimempita mwanafunzi alipokuwa akikariri kwa ajili ya mtihani, ni kwamba gizani mmea haukai bure ukisubiri amri ya kuwa kijani. Protini ya kuanzisha ukijani, moja ya zile muhimu ikiitwa HY5, hutengenezwa hata gizani. Lakini kila inapotengenezwa, protini nyingine iitwayo COP1 husimamia kuitia chapa, nayo hufumuliwa. Hutungwa, hufumuliwa, hutungwa, hufumuliwa. Wakati huo huo kuna kundi jingine la protini, zinazofupishwa kama PIF, ambazo gizani huachwa zitawale, na zinazoutaka mmea urefuke, ufunge majani na uinamishe kichwa ili usichubuke kwenye udongo. Mwanga ukifika, zamu hubadilika kwa muda wa dakika. Fitokromu hugeuka umbo. COP1 huzuiwa, HY5 ikajilimbikiza. Zile PIF nazo hupata chapa na kufumuliwa. Kichwa huinuka, majani hufunguka, ukijani huanza. Kwa hiyo tofauti baina ya kunde ya nyuma ya sanduku na kunde ya shambani haimo katika kilichotengenezwa peke yake. Imo pia katika kilichofumuliwa.

Mambo haya si ya siku nyingi. Jeni ya COP1 ilielezwa mwaka wa 1992, na kwamba COP1 ndiyo inayosababisha HY5 kufumuliwa lilithibitishwa mwaka wa 2000, kwa kutumia kimmea kidogo kiitwacho Arabidopsis, ambacho ni binamu wa sukuma wiki ingawa hakuna awezaye kukitia sufuriani. Kabla ya hapo, mwaka wa 1987, watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walikuwa wameonyesha kwa kutumia machipukizi ya oti, nafaka ile inayopikiwa uji wa wagonjwa, kwamba aina ya fitokromu inayolinda gizani, ikishaumulikiwa mwanga mwekundu, yenyewe hutiwa ubikwitini na kufumuliwa. Mlinzi akishatoa habari kwamba kumekucha, huondolewa. Hakuna sababu ya kustaajabu basi kwamba Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka wa 1990, haikuweza kumsaidia mwanafunzi huyu katika sehemu hii. Kazi ile ilifanywa na watu waliokuwa mbele ya wakati wao, lakini hakuna mtunga kamusi awezaye kuingiza neno la jambo ambalo halijapata jina kwa wenyewe.

Jioni hiyo nyanya alimchukua nje hadi kwenye mti mmoja wa jamii ya manemane, ulioonekana kana kwamba ulikufa mwaka uliotangulia. Gome lake la nje lilikuwa likibanduka kama karatasi. Alilikwangua kwa ukucha. Chini yake mti ulikuwa kijani kibichi, kama jani la ndizi. "Huu haulali," alisema. "Unajificha." Naam, miti hiyo huendelea kusanisi chakula kwa ukijani ulio chini ya gome wakati ambapo haina jani hata moja, mwanga ukiwa unapenya kwenye ngozi ile nyembamba. Na majani yenyewe hayakudondoka yakiwa na mali yake yote. Kabla ya jani kuanguka, protini zake, hasa ile iitwayo rubisko inayonasa hewa ukaa, hufumuliwa, na takriban nusu ya nitrojeni iliyokuwamo hurudishwa shinani kungojea mvua. Katika kazi hiyo seli hutumia pia njia nyingine, ambapo hufunga sehemu zake ndani ya vifuko na kuzimeng'enya zenyewe. Yoshinori Ohsumi wa Japani aliichunguza njia hiyo kwenye hamira, akapewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka wa 2016. Jina lake la Kigiriki lina maana ya kujila. Nyanya alisema mbuzi wake nao walikuwa wamejila mwaka mzima, na hakuna aliyewapa tuzo.

Mapema mwezi wa Novemba mawingu yalianza kukusanyika upande wa Kasigau, na suala la mbegu likawa halikwepeki. Desturi ya nyanya ilikuwa kupanda kabla ya mvua, katika udongo mkavu, na kwa kina cha kiganja kizima, ili manyunyu ya uongo yasiifikie mbegu. Msimu uliotangulia alikuwa amesikiliza ushauri wa watu, akapanda juu juu, na yaliyotokea yalijulikana. Mjukuu alipinga. Mbegu ya kunde, alisema, hubeba akiba yake yenyewe, na takriban robo ya uzito wake ni protini. Ikiota, akiba hiyo hufumuliwa na vimeng'enya vilivyo ndani ya seli za zile nusu mbili za mbegu, na asidi amino hupelekwa kwenye shina linalorefuka. Gizani hakuna pato jingine. Kila kidole cha udongo kinachoongezwa ni gharama inayolipwa kutoka ghala lile lile, na mmea hauna njia ya kujua umebakisha masafa gani. Unachojua ni kwamba mwanga bado. Kina cha vidole vitatu kingetosha.

"Na manyunyu ya uongo?" nyanya aliuliza.

Kwa hilo daftari halikuwa na neno. Waliyagawa mabishano kama walivyozigawa mbegu: viganja vitatu vikazikwa kwa kina cha nyanya, viganja vitatu kwa kina cha mjukuu, katika nusu mbili za shamba moja, na kigogo kikalazwa katikati kuwa mpaka.

Manyunyu yalikuja katikati ya mwezi. Upande wa mjukuu ulichipua wote kwa siku chache, mistari ya kijani iliyonyooka hata majirani wakaja kuitazama. Upande wa nyanya ukabaki udongo mtupu. Kisha jua likawaka zaidi ya wiki moja mfululizo, na asubuhi moja mistari ile ilikuwa imelala, imekunjamana kama kamba iliyotupwa. Iliyosalia ilikuwa ile michache iliyokuwa chini ya kivuli cha mkwaju. Nyanya hakusema lolote, jambo ambalo lilimwia mjukuu gumu kuliko kama angesema.

Mvua ya kueleweka ilinyesha mwishoni mwa Novemba, siku tatu. Upande wa nyanya ukaanza kupasuka. Lakini haukutoka wote. Palikuwa na mashimo matano yaliyotoa na mashimo mawili au matatu yaliyonyamaza, hivyo hivyo hadi mwisho wa mstari. Mwanafunzi alisubiri siku kadhaa, kisha akachukua kisu akachimbua taratibu kwenye shimo moja lililonyamaza. Alikikuta kishina cheupe, kirefu kuliko kidole cha kati, kimeinamisha kichwa. Zile nusu mbili za mbegu zilikuwa zimesinyaa, ngozi tupu. Kilikuwa kimefika upana wa kidole kimoja chini ya uso wa ardhi, kikakwama hapo. Alichimbua la pili, la tatu. Yote yalikuwa hivyo, mengine yakiwa karibu zaidi na mwanga.

Alimpelekea nyanya vile vishina kwenye kiganja, kama yeye alivyoletewa kile cha kwanza. Nyanya alivitazama kwa muda.

"Kwa hiyo mimi nami nilizika kupita kiasi."

"Vidole vinne, labda, Nyanya. Wala si vitatu."

"Vinne," alikubali, kama mtu anayepatana bei sokoni.

Kitaifa vuli hiyo ilihesabiwa kuwa msimu wa tano mfululizo ulioshindwa. Mwanafunzi alirudi chuoni mwezi wa Januari, akaiwasilisha kazi yake. Kurasa zilikuwa nane. Ilirudi ikiwa na alama nzuri na mstari mwekundu chini ya neno kufumua kila lilipotokea, na pembeni mhadhiri alikuwa ameuliza iwapo neno la usukaji lilifaa kubebeshwa mzigo wa kibiolojia ilhali kumeng'enya kulikuwapo. Mwanafunzi alimjibu kwa maandishi, aya moja, kwamba kumeng'enya hakumwambii msomaji kwamba kuna nyuzi zinazobaki nzima. Mabishano hayo yaliendelea muhula mzima, na wanafunzi wa mwaka wa tatu wakaingia kila mmoja upande wake.

Mwishoni mwa mwezi huo simu ilipigwa kutoka Marungu. Nyanya alikuwa amevuna. Zilizoliwa zilikuwa chache mno, mara mbili tu kuwekwa sufuriani, nayo mboga ya majani yake ilipatikana kwa wiki chache kabla ya hapo. Mbegu alikuwa amezichagua mwenyewe, akitupa zilizotobolewa na wadudu. Zilikuwa viganja vinne. Alikuwa amekwisha kuzichanganya na majivu, akakiziba kibuyu kwa gunzi la hindi na kukirudisha mahali pake juu ya meko.